Kapteni Shem Anaomba Kutua

Nitasema mapema ili mtu asidhani nimemtegea: Kapteni Shem alipokaa kwenye kiti cha kushoto asubuhi ile, alikuwa ameshakufa. Mimi sikujua. Hakim, rubani msaidizi aliyekaa kulia kwake, hakujua. Na nikikumbuka alivyokuwa akivuta mikanda na kulalamika kwamba kiti kimewekwa mbele mno, sina hakika kama mwenyewe alijua.

Mimi ni mtahini wa marubani. Kazi yangu iko Dubai Silicon Oasis, kwenye jengo lisilo na madirisha ambalo wapita njia hudhani ni ghala. Ndani yake mna simyuleta. Ni chumba kamili cha rubani, na usukani wake, saa zake na swichi zake, kimewekwa juu ya miguu mirefu ya chuma inayokiinua na kukitikisa mpaka mwili wako uamini kwamba unaruka. Nje ya vioo kuna picha za mawingu, mvua, taa za uwanja. Huko barabarani jua la Dubai linachoma, lakini humu ndani ni saa yoyote ninayoitaka mimi. Marubani huja hapa waunguliwe injini na wapigwe na upepo, na wakitoka salama nasema wamefaulu. Wasipotoka salama nasema warudie. Ndiyo maana wananiita Madam Rudia, na wanadhani sijui.

Watahini wengine humwonea mtu huruma kwa sababu wametoka wilaya moja au wanasali kanisa moja. Mimi huruma hiyo sinayo na sijawahi kuitafuta. Mtu asiyeweza kutua ndege asitue ndege. Sioni ugumu wa jambo hilo.

Shem alikuwa kapteni wangu nilipoanza kazi Nairobi, enzi ambazo abiria wakisikia sauti ya mwanamke kwenye spika walishika rozari. Hakuwahi kunitetea kwa maneno. Aliniachia ndege itue mikononi mwangu, kisha akawatangazia abiria jina langu. Nilimpenda kwa hilo, na nampenda mpaka leo.

Sasa, shida yake ilikuwa pensheni. Chama chetu cha marubani huko nyumbani kina mfuko mmoja ambao mashirika kadhaa ya ndege huuchangia kwa pamoja. Uzuri wake ni kwamba ukihama shirika hili kwenda lile, miaka yako inakufuata, mradi shirika jipya nalo limo mfukoni. Ubaya wake ni kwamba shirika lako likijitoa, unabaki nje pamoja nalo. Shirika la Shem lilijitoa. Wazee walipewa mwaka mmoja wa kutafuta mwajiri mwingine aliyemo. Atakayempata anahesabiwa kwamba hakutoka, na siku akifa mke wake analipwa mpaka naye aende. Atakayemkosa anarudishiwa alichochanga, na cha Shem kilikuwa kimeshaliwa na mkopo wa nyumba.

Kwa karibu mwaka mzima alibisha hodi. Kila mahali walitazama mvi zake na kumwahidi simu. Mwishoni shirika dogo la ndege za mizigo, la Nairobi lakini ndege zake zinalala huku Dubai, likasema litamchukua akifaulu mtihani wangu. Siku ya mtihani ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya muda wake. Na pale chamani kuna desturi moja ya kizamani: kwa kuwa watu walishawahi kughushi vyeti, katibu wa mfuko haamini karatasi. Anampigia mtahini simu na kusikia kwa masikio yake neno moja, amefaulu. Neno hilo likishasemwa, mtu yumo. Karatasi hufuata baadaye.

Kwa hiyo asubuhi ile Dorcus, mke wake, alikuwa nyumbani kwao Kitengela akisubiri neno langu. Nililijua hilo nilipokuwa naegesha gari. Nilijiambia halinihusu.

*

Tulimkuta ameshakaa ndani. Mubin, fundi wa simyuleta, ni Mzanzibari mpole asiyepitwa na kitu pale mlangoni, na alishangaa.

"Huyu kaingia saa ngapi? Mie sijamuona hapa."

"Ulikuwa chooni," nikamwambia.

"Sijenda chooni, bibie. Lakini haidhuru."

Hakim alikuwa ameleta chai ya karaki, ile nzito ya maziwa, kikombe kimoja chake na kimoja cha kapteni. Ni kijana wa Masaka, mwenye adabu, ambaye hata akikosea anakosea kwa heshima. Shem alimshukuru, akaiweka chai pembeni, na haikuguswa tena. Nikamsalimia. Akasema, "Madam," kwa ule utani wake, bila kugeuka. Tukaacha simu zetu nje kama kawaida, mlango ukafungwa, Mubin akaliinua daraja. Hilo ni daraja dogo la chuma linalotuunganisha na ghorofa. Likishainuliwa huwezi kutoka, chini ni shimo la miguu ya mashine, na mlango haufunguki mpaka mashine itulie.

Aliruka vizuri sana. Nilimuungulia injini wakati gurudumu la mbele linaacha ardhi, akaishika ndege bila hata kubadili sauti. Nilimzibia uwanja kwa ukungu, akazunguka, akangoja, akaomba njia nyingine. Mimi hukaa nyuma yao na kompyuta zangu, naona migongo tu, na mgongo wa Shem ulikuwa umenyooka vilevile nilivyoujua.

Jambo moja tu lilinikera. Kila Hakim alipomwita aliitika, lakini jibu lilichelewa kidogo, kama simu ya mtu aliye ng'ambo. "Kapteni, magurudumu." Kimya kidogo. "Magurudumu chini." Nikaandika kwamba anachelewa kujibu. Na kulikuwa na baridi. Nilimwomba Mubin apunguze kiyoyozi, akaniambia kupitia spika kwamba ameshakizima tangu tulipoingia.

Yalibaki mambo mawili, zoezi la kuzimia na kutua kwa mkono upepo ukivuma kutoka ubavuni. Zoezi la kuzimia ni la kawaida. Mtahini anamgusa kapteni begani mara mbili bila msaidizi kuona, na hapo kapteni anajifanya amezimia, anyamaze, aachie kila kitu, tuone kijana wa kulia atafanya nini. Nilikata sauti ya Hakim kwenye hedifoni, nikainama, nikamgusa Shem begani.

Bega lilikuwa gumu na la baridi kupita kiasi. Nikauondoa mkono haraka kuliko nilivyotaka.

Aligeuza kichwa kidogo tu, sikuuona uso wote. "Lazima, Monicah?"

"Lazima, Kapteni."

"Acha nitue kwanza. Hiyo iwe ya mwisho."

"Mpangilio ni wa shirika, si wangu. Hakim akishatua nakurudisha hewani, unatua mwenyewe, tunamaliza."

"Nikishaachia, sijui kama nitaweza kushika tena."

Nilidhani amechoka. Nilidhani uzee umeanza kumlegeza, na nikaona uchungu, na uchungu kwangu hutoka kama ukali. "Kapteni, tusipotezeane muda."

"Sawa, Madam," akasema, na akaweka mikono yake mapajani.

Watu ambao si marubani huenda hawajui kwamba tuna sheria ya miito miwili. Mwenzako akinyamaza ulipomwita kwa jambo la kazi, unamwita mara ya pili. Asipoitika mara ya pili, basi huyo hayupo, hata kama macho yake yako wazi na mikono imeshika usukani. Humpepei, humuulizi anaumwa nini. Unatangaza kwamba ndege unayo wewe, na kuanzia hapo ni yako mpaka wewe mwenyewe useme umeirudisha. Tunayasema haya kwa Kiingereza, lakini hata kwa Kiswahili yana uzito uleule.

Ndege ikawa inashuka kuelekea Nairobi. "Kapteni, futi elfu moja," akasema Hakim.

Kimya.

"Kapteni Shem, futi elfu moja."

Kimya. Hakim hakusita, na nikafurahi kwa ajili yake. "Ndege ninayo," akasema. Akatua taratibu kabisa, akafunga breki.

"Vizuri, Hakim. Kapteni, amka. Zamu yako."

Hakuitika. Nikawasha taa.

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mikanda ilikuwa bado imefungwa, yote, imekaza na kusimama pale mabega na kiuno chake vilipokuwa. Tuliitazama. Kisha ikalegea polepole na kulala kitini.

Nikabonyeza spika. "Mubin, umemshusha Kapteni Shem?"

"Daraja liko juu, bibie," akajibu Mubin. "Mie sijaligusa. Kwani kuna nini humo?"

*

Simu yangu ilikuwa inaita tulipotoka, na ilikuwa imeita sana. Dorcus.

"Dada Monicah," akasema. "Shem hayupo tena."

Nikakaa kwenye ngazi za chuma. Alisema kwamba Shem alikuwa amepanga chumba kwenye hoteli ndogo ya Al Mankhool, huku Dubai, na mfanyakazi wa usafi, binti wa Kikenya, alimkuta kitandani amelala na saa yake ya mkononi imeshavaliwa. Daktari alisema moyo, na kwamba ilikuwa kabla ya alfajiri. Dorcus alieleza yote hayo kwa utulivu, vile mtu huongea kabla jambo halijamfikia. "Kwa hiyo hakufika kwako," akasema. "Nilitaka usimsubiri."

Nilimpa pole. Nilimwambia nitampigia. Hakim alikuwa amesimama mbele yangu na akausoma uso wangu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Madam, mimi niliongea naye. Alinishukuru kwa chai."

Chai bado ilikuwa mle ndani, imejaa.

Kabla sijamjibu, simu ikaita tena. Jairus, katibu wa mfuko, tena huyu si mtu mbaya. Alikuwa amepata habari kutoka kwa Dorcus, na alikuwa amefikiria haraka.

"Kapteni Monicah, nisikilize. Mfuko unaangalia tarehe. Hauangalii saa. Amekufa leo, mtihani ni leo, siku ya mwisho ni leo. Wewe niambie tu ame-pass, hiyo ingine niachie. Hakuna mtu atauliza. Huyu mama atabaki na nini?"

Nilitaka kusema. Sitajifanya mtakatifu wala jiwe: nilitaka kusema hadi ulimi ukaniwasha. Neno moja, na Dorcus analala kwenye nyumba yake mpaka uzeeni. Nani angedhurika? Hakuna abiria atakayepanda ndege ya Shem.

Lakini alikuwa hajatua. Zoezi la kutua kwa upepo lilibaki, na aliniomba alifanye, na mimi nikamwambia anyamaze kwanza. Mtu anayekuja kufanya mtihani akiwa maiti hajaja kuomba huruma. Kama angetaka huruma angebaki Al Mankhool na kuniachia Jairus anibembeleze. Alikuja kwa sababu ananijua, na neno langu alilitaka lenyewe, si la kupewa sadaka.

"Hajamaliza," nikamwambia Jairus.

"Hajamaliza namna gani? Monicah, mtu amekufa."

"Nitakupigia kabla hujafunga ofisi."

Nikasimama na kumwambia Hakim tunarudi ndani. Alirudi nyuma hatua nzima. "Banange, madam. Mimi naogopa. Sikufichi."

"Hata mimi naogopa. Lakini ndege unayo wewe. Uliichukua na hujaitoa. Hakuna mtu mwingine anayeweza kumrudishia."

Ni mambo ambayo mtu wa kawaida angeyacheka. Hakim hakucheka. Ni rubani, na alijua kwamba ni kweli. Alijifuta uso kwa mikono yote miwili, kisha akatangulia kwenye daraja.

Mubin aliniambia kuna watu wana zamu yao baada ya sala ya alasiri, tusichelewe. Zaidi ya hapo hakuuliza kitu. Alipokuwa anafunga mlango niliona midomo yake inacheza, anasoma Ayatul Kursiy.

Nilifunga mikanda ya kiti kitupu mwenyewe. Hatuondoki na kiti kisichofungwa mikanda. Nikaiweka ndege juu ya Athi River, uwanja wa Nairobi mbele, mvua nyepesi, upepo mkali kutoka kulia, kama ilivyokuwa imepangwa tangu asubuhi. Hakim aliutazama upepo, akanitazama mimi. Sikuupunguza.

Tukaanza kushuka.

"Mwambie," nikasema.

"Kapteni, ndege ni yako."

Nilisikia feni za mashine na pumzi ya Hakim kwenye hedifoni. Mikanda ya kushoto ililala vilevile nilivyoifunga. Uwanja ulikuwa unakua kiooni.

"Madam, nikimwita mara ya pili akinyamaza?"

"Basi amefeli, na nitamwambia Jairus hivyo."

Na ningemwambia. Nilimwona Dorcus akifunga masanduku, nikaona dalali akipima ukuta wa sebule, na bado ningemwambia, na nisingelala tena vizuri maisha yangu yote. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa kiti kile.

"Mwite."

"Kapteni Shem. Ndege ni yako."

Ardhi ikapanda. Sauti ya mashine ikahesabu futi mia tano. Mikono ya Hakim ilikuwa bado kwenye usukani na nilijua hatauachia, kwa sababu mtu haachii ndege kwa kimya. Kisha kwenye hedifoni, kwa kuchelewa, kutoka mbali:

"Ndege ninayo."

Hakim aliachia usukani kana kwamba umemuunguza. Mikanda ya kushoto ilikuwa imejaa. Sikumwona mtu, nasema ukweli, niliona mikanda tu imekaza juu ya mabega ambayo hayapo, na usukani wa kushoto ukisogea kidogo kidogo, ukitafuta upepo. Baridi ilinipanda mpaka kwenye meno.

Na alitua vibaya.

Sijui nilitarajia nini. Labda nilidhani wafu hawakosei. Upepo uliinua bawa la kulia, akalirudisha kwa kuchelewa, pua haikunyooka kwa wakati, tukaipiga njia ya kurukia kwa kishindo kilichonitoa kitini. Tukadunda. Tukaipiga tena. Ndege ikasimama mbali kupita alama, gurudumu moja karibu na majani.

Hakim aligeuka, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nilijua anachoniomba. Mtu amefufuka kwenye kiti, ametua, hajavunja kitu, unataka nini zaidi? Lakini angekuwa mzima ningesema nini? Nilikuwa nalia wakati huo, na nilisema.

"Rudia, Kapteni."

"Madam," akasema Hakim polepole, kwa namna ya kunikanya.

Tukangoja. Kisha kwa kuchelewa kulekule likaja jibu, na nalijua lile cheko lililokuwa chini yake, nililisikia kila siku nilipokuwa kijana.

"Sawa, Madam."

Nikairudisha ndege juu ya Athi River. Upepo uleule, mvua ileile. Safari hii bawa lilipotaka kuinuka lilimkuta anasubiri. Pua ilinyooka taratibu, gurudumu la kulia likagusa, likafuata la kushoto, kisha la mbele, juu ya alama kabisa. Sikuhisi kitu. Nilijua tumefika chini kwa sababu picha iliacha kushuka.

Ndege ilipopunguza mwendo, Hakim, bila kuambiwa, aliweka mkono wake kwenye usukani na kusema kwa upole, "Ndege ninayo," akafunga breki.

Mtahiniwa huambiwa matokeo ana kwa ana. Nilivua hedifoni, nikasimama kati ya viti viwili, nikakitazama kiti cha kushoto.

"Kapteni Shem, umefaulu."

Hakuitika. Sikumwita mara ya pili. Tulisimama pale mpaka mikanda ilipolegea yenyewe, na ilichukua muda.

*

Nilimpigia Jairus nikiwa bado kwenye ngazi. "Amefaulu," nikasema.

Akashusha pumzi. "Asante, Monicah. Mungu akubariki. Mimi nilijua uko na roho."

Akakata simu akiwa na furaha, na mimi nikabaki na hasira ambayo sikuitegemea. Miaka yangu yote sijampitisha mtu bure, na sasa chama kizima kitajua kwamba Madam Rudia alimpitisha maiti. Watanisifu kwa hilo. Watanipongeza kwenye mikutano kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilitaka kumpigia tena nimweleze, lakini ningemweleza nini?

Dorcus ndiye aliyepiga. Nyuma yake nilisikia wanawake wengi, vyombo, mtu akiuliza viti viwekwe wapi.

"Jairus ameniambia," akasema. "Asante kwa kutuonea huruma, dada. Najua haikuwa rahisi kwako kudanganya."

Ningeweza kuliacha hapo. Mtu mwenye busara angeliacha. "Shemeji, sikumwonea huruma," nikasema. "Alikuja."

Zile sauti za nyuma zikafifia. Nadhani alikuwa ametoka nje. "Usinifanyie hivyo, dada. Leo usinifanyie hivyo."

"Alikuja. Alilalamikia kiti. Mubin hakumwona akiingia. Alitua mara mbili, Dorcus. Ya kwanza aliiharibu, alidunda, nikamwambia arudie."

Nilianza kujilaani. Mwanamke amefiwa, na mimi namsimulia mumewe alivyofeli.

"Uliweka upepo?" akauliza.

"Niliweka."

"Wa upande gani?"

"Wa kulia."

"Wa kulia unatumia mguu wa kushoto," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lile goti la kushoto halikuwa linakunjika tangu Pasaka. Hakutaka mtu yeyote ajue, hata daktari, wasije wakamnyima kazi. Jana usiku aliniambia kwenye simu, Monicah akiniwekea upepo wa kulia ya kwanza nitaiharibu, goti likishapata moto ya pili nitaiweza. Alikuwa anaogopa hutampa ya pili."

Niliegemea ukuta.

"Ungeniambia alitua vizuri mara moja," akasema Dorcus, "ningekushukuru tu. Nisingekuamini." Akapumua. "Na ulimwambia mwenyewe? Ulimwambia amefaulu?"

"Nilimwambia."

Ndipo akalia, kwa sauti, na wale wanawake nikawasikia wakimkimbilia. Sikukata simu. Nilikaa nayo sikioni kwenye ngazi zile huku Mubin akiwapitisha wateja wa alasiri, na Hakim, ambaye nilikuwa sijamwambia kwamba naye amefaulu, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai cha kapteni mkononi, hajui aimwage wapi.